Muvi na Siasa: Mama Flashi Anajibu

Barua za safari hii ni nyingi, na nusu yake zinauliza muvi huku zinatafuta siasa. Sawa tu. Nimekaa Sinza miaka mingi nikiwawekea watu muvi kwenye flashi (watu wa hakimiliki wasinisome hapa), kwa hiyo namjua mteja anayesema "niwekee ya mapigano" huku macho yake yanataka kitu kingine.

*Shikamoo Mama Flashi. Mimi ni Mkatoliki. Niliangalia Conclave na jamaa zangu, wakaanza kunicheka kwamba kumbe hata makadinali wana fitina. Papa anachaguliwa hivyo kweli? Na kwa nini Mwafrika ndiye atolewe kwa kashfa? — Mwanakwaya, Ukonga*

Marahaba, mwanangu. Utaratibu kwa sehemu kubwa ndio huo. Makadinali wanafungiwa ndani, kura ni ya karatasi, mshindi lazima apate theluthi mbili, karatasi zinachomwa na sisi wa nje tunasoma moshi. Mei 2025 tuliuona wenyewe kwenye televisheni. Papa Fransisko alifariki Aprili 21, makadinali 133 wakaingia Kanisa la Sistina Mei 7, na kesho yake jioni Papa Leo wa 14 akatokea kwenye roshani. Kadinali Rugambwa wa Tabora alikuwa miongoni mwa waliopiga kura. Lakini ule mkasa wenyewe, wa chumba kilichotiwa lakiri na makabrasha yaliyofichwa, ni wa kubuni. Umetoka kwenye riwaya ya Robert Harris ya mwaka 2016, basi jamaa zako wasikuletee kana kwamba ni taarifa ya habari ya saa mbili.

Kwenye fitina wana hoja, tusidanganyane. Angalia makadinali wanavyosimama wawili wawili pembeni, wananong'ona, mmoja anapima mwenzake kura zake atazipeleka kwa nani raundi ijayo. Hao ni wajumbe! Mwaka 2020, baada ya kura za maoni za CCM, zile ambazo wajumbe wa chama huwapigia wanaotaka kugombea, nchi nzima ilikuwa na msemo mmoja tu, "wajumbe si watu wazuri". Mtu kawasafirisha, kawalisha pilau, wamemshika mkono na kumwita mheshimiwa, halafu sanduku likifunguliwa ana kura tatu, na moja kajipigia mwenyewe. Hawa wa kwenye muvi wamevaa nyekundu, wa kwetu wamevaa kijani, basi. Na yule Kadinali Tremblay aliyegawa fedha apigiwe kura, angegombea Bongo kabla ya 2006 angejitetea kwamba ni takrima, yaani ukarimu tu wa mgombea kwa wapiga kura, maana sheria yetu ya uchaguzi iliiruhusu mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka huo.

Huyo Mwafrika wako, Kadinali Adeyemi wa Nigeria, ananiuma hata mimi. Kosa ni lake, alizaa na binti mmoja miaka thelathini nyuma, ingawa aliyemleta binti huyo, sasa mtawa, Roma kipindi kile cha uchaguzi hakumleta kwa bahati mbaya. Kinachonikera ni kwamba akishaanguka, muvi haina habari naye tena. Mtu aliyeanza akiongoza kwa kura anageuka wa kujaza kiti. Ila ukitaka kuwanyamazisha hao jamaa zako, waambie aliyemwigiza ni Lucian Msamati, mzaliwa wa London, amekulia Zimbabwe, na wazazi wake ni Watanzania. Uone kama hawatairudia kuiangalia.

*Mama, mwanangu wa miaka tisa anataka Civil War kwa sababu kwenye kava kuna wanajeshi. Nimpe? — Baba wa Watatu, Segerea*

Usimpe. Kuna shimo la maiti mle ambalo mimi na utu uzima wangu nilisimamisha nikaenda kuchemsha chai. Iangalie wewe wakishalala. Ni waandishi wa habari wako njiani kwenda Washington, rais yuko kwenye muhula wa tatu, na Texas na California wanapigana upande mmoja bila muvi kukueleza walipatanaje. Watoto wape katuni.

*Kwa nini Bongo muvi haigusi siasa? Kila siku mapenzi, mirathi na mganga. Waongozaji wetu ni waoga? — Mwanafunzi, Mlimani*

Waoga wapo, na wana sababu zao. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya 1976. Ili upige filamu unahitaji kibali, na ukimaliza kuna Bodi ya kuikagua kabla watu hawajaiona. Mtu aliyekopa ili alipe waigizaji na mafuta ya jenereta hawezi kuweka maneno yatakayoifanya kazi yake ilale kwenye meza ya mtu mwezi mzima. Hata mgeni hasalimiki. Ile Darwin's Nightmare ya 2004, ya sangara wa Mwanza, ilimfanya Rais Kikwete aishambulie hadharani mwaka 2006.

Lakini sitaki kuitupia Bodi mzigo wote. Muongozaji wetu akisikia neno siasa, akili inaenda Ikulu. Anawaza msafara wa magari meusi, walinzi wenye miwani, mheshimiwa anafoka kwenye simu tatu. Hela ya msafara hana, basi anarudi kwa mganga. Mimi siasa ya mji huu naiona kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Nenda Jumatatu asubuhi ukaombe barua ya utambulisho, iwe ya benki au ya kumdhamini kijana aliyelala polisi. Kuna benchi la mbao, watu wamebanana, kikaratasi cha majina kimeanza bila wewe. Mwenyekiti yupo, mtendaji hayupo, na mhuri umefungiwa kwenye droo ya mtendaji. Mama aliye mbele yako anaulizwa stakabadhi ya ulinzi shirikishi, akiitoa anaulizwa ya taka. Anaingia kijana na bahasha, hasalimii foleni, mlango unafungwa nyuma yake. Mtendaji akija, pedi ya wino imekauka, anagonga mara tatu na jina la mtaa linatoka nusu, nawe unaipokea hivyo hivyo na kushukuru. Hakuna aliyetaja chama chochote, ila kila aliyekaa kwenye lile benchi anajua nani alikuwa upande wa nani kwenye uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024, na mwenyekiti anajua zaidi. Hiyo ni muvi nzima, ya chumba kimoja. Mtaa wenyewe siutaji, nina barua nasubiri huko.

Na usiniambie haiwezekani. Amil Shivji aliichukua riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, akaitengenezea filamu mwaka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, Yasmini amekimbia ndoa ya mzee, na Denge ndiye mwanaharakati anayempenda. Watu walifuata mapenzi wakakutana na siasa. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na ikawa filamu ya pili kwa Tanzania kupelekwa kugombea Oscar, baada ya Maangamizi miaka kama ishirini kabla. Najua utanijibu kwamba kumsema mkoloni hakumgharimu mtu siku hizi. Ni kweli. Ila tumeshaona kwamba kamera na waigizaji wa kazi hiyo tunao.

*Shikamoo mama. Niliangalia I'm Still Here ya Brazil usiku nikashindwa kulala. Mume wangu anasema ni muvi ya siasa, mimi nasema ni ya familia. Nani yuko sahihi? — Mke wa Dereva, Mbagala Rangi Tatu*

Marahaba. Wewe. Mumeo atashikilia kwamba Rubens Paiva alikuwa mbunge wa zamani, akachukuliwa Januari 1971 wakati wa utawala wa kijeshi, hivyo ni siasa. Asemayo ni kweli, lakini muongozaji, Walter Salles, kamera yake ameiacha nyumbani. Wale wanaume waliokuja kumchukua wanakaa sebuleni, mapazia yamefungwa mchana, na mama mwenye nyumba, Eunice, anawaandalia chakula kama wageni kwa sababu hajui afanye nini kingine. Baadaye Eunice anakwama benki kwa kuwa saini ya mume inahitajika, mume huyo huyo ambaye serikali inasema haiko naye. Halafu kuna mpiga picha wa gazeti, anataka familia inune ili habari ipendeze, na mama anawaambia watoto wacheke. Hapo ndipo niliposimama mimi.

Eunice alisomea sheria ukubwani, akapigania, na cheti cha kifo cha mumewe alikipata mwaka 1996. Piga hesabu mwenyewe tangu 1971.

Kilichokukosesha usingizi si Brazil. Azory Gwanda, mwandishi wa habari, alitoweka Kibiti Novemba 2017, na baada yake tumesikia majina mengine. Sijaona muongozaji wetu aliyeweka kamera kwenye sebule ya nyumba kama hiyo, na huyo hata mimi namwelewa. Rudieni kuiangalia wote wawili, ila iwe mchana, na simu ya mumeo iwe mbali. Anayekatisha ile muvi kwa kupokea abiria hajaiangalia.

*Mama Flashi, mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa, watu walikuwa wanachukua muvi gani kwako? Nadhani za mapinduzi! — Mdadisi, Kijitonyama*

Umekosea vibaya. Siku zile baada ya uchaguzi wa tarehe 29, Dar ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, kwa hiyo mlango sikufungua. Nilihudumia kwa dirisha, mchana, kwa haraka. Za mapinduzi hakuulizia mtu hata mmoja. Walitaka sizoni za Kikorea, ndefu, "ile isiyoisha mama", na vichekesho. Wakinamama wakataka za Kihindi. Vijana niliodhani watataka bunduki walichukua katuni, wakasingizia wadogo zao.

Mzee mmoja jirani yangu alitaka muvi za zamani za kareti zenye sauti ya Lufufu, yule msimuliaji aliyekuwa anaacha maneno ya Wachina na kuweka ya kwake. Alisema redio imemchosha, anataka kusikia mtu anayedanganya vizuri. Nikamwazima flashi yangu mwenyewe kwa kuwa ya kwake ilikataa kusoma. Hajairudisha mpaka leo. Mzee, kama unasoma hapa, ni ile nyekundu isiyo na kifuniko, na ndani yake mna picha za harusi ya mwanangu. Muvi baki nazo.