Muulize Fundi: Pedi haisomi, analogi inajivuta, nifanyeje?

Mwezi huu maswali ya pedi za gemu yamekuja mengi kuliko ya kitu kingine chochote. Nimechukua yale yanayojirudia, na nimeona wengi wenu mko karibu kabisa kutupa pedi nzima, hilo linaniuma kweli, kwa hiyo kabla hujatupa soma kwanza.

Fundi habari. Nina laptop ya Windows na PS4. Nataka kununua pedi ya laptop nicheze gemu za magari na mpira, ila aina ziko kibao, zingine zimeandikwa zinakubali kila kitu. Nichukue ipi?

Salama ndugu yangu. Usinunue bado. Kama una PS4 basi pedi unayo tayari, na pedi hiyo inapiga kazi vizuri tu kwenye laptop, kwa waya au kwa Bluetooth. Shida yake ni lugha. Gemu nyingi za Windows zimezoea lugha inaitwa XInput, Microsoft waliileta mwaka 2005 pamoja na Xbox 360, ndo maana ukichomeka pedi ya Xbox gemu inaijua hapohapo bila kuuliza. Pedi ya PS4 haiongei lugha hiyo kwa hiyo inahitaji mkalimani. Gemu yako ikiwa iko Steam, lile duka la gemu za kompyuta, mkalimani ni Steam yenyewe, ingia Settings, nenda Controller, washa sehemu iliyoandikwa PlayStation, basi. Gemu ya nje ya Steam unaweza ukaiongeza kwenye orodha yako ya Steam ukaifungulia humo, au ukaweka programu ya bure inaitwa DS4Windows. Chagua mmoja kati ya hao wawili, usiwawashe wote, sababu yake utaiona kwenye swali la mbele.

Kwenye Bluetooth wengi wanakosea hapa: wanabonyeza batani ya PS peke yake. Ukifanya hivo pedi inaenda kuitafuta PS4 yake, laptop haitaiona hata ukae nayo mpaka asubuhi. Shika batani za Share na PS kwa pamoja, usiachie mpaka taa ya juu ianze kupepesa harakaharaka, afu kwenye laptop tafuta jina Wireless Controller.

Sasa kama bado unataka ya pili, ya Xbox ndo haina usumbufu kwenye Windows, lakini ujue PS4 haitaikubali. Hizo za "kila kitu" sio lazima ziwe mbaya, nyingi zina swichi ndogo au batani mbili za kushika ili kubadilisha modi, kwa hiyo soma boksi uone kama konsoli yako imetajwa kwa jina, neno "kila kitu" lisikutoshe. Na kwa kuwa unapenda magari, angalia sana triga, zile batani za nyuma unazovuta kwa vidole. Triga nzuri ukiibonyeza nusu gari linapata nusu ya mafuta, ukizidisha linaongeza. Kuna pedi ambazo triga zake ni kama swichi ya taa, zimewaka au zimezima tu, hata Pro Controller ya Nintendo Switch iko hivo, kwa gemu za Switch haina shida ila kwenye kona gari litakuwa linaruka tu.

Kuna namna ya kupima bila kufungua gemu. Bonyeza Windows na R, andika joy.cpl, ingia Properties. Sukuma triga polepole, uone mstari unapanda polepole au unaruka. Ila ya Xbox ukibonyeza triga zote mbili kwa pamoja mstari unarudi katikati, usishtuke, kidirisha hicho ni cha zamani na kinazihesabu triga mbili kama kitu kimoja. Ndani ya gemu kila moja inajitegemea.

Nachomeka pedi na waya, taa inawaka na chaji inaingia kabisa, lakini kompyuta haioni kitu. Nimeshapiga Windows upya. Pedi imekufa?

Pole sana aisee, kupiga Windows upya kote huko na tatizo karibu hakika ni waya! Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data. Kuna waya zinatengenezwa na zile mbili za umeme tu, nje zinafanana kabisa na zingine, zinachaji vizuri na data hazipitishi hata kidogo. Chukua waya huohuo chomeka simu kwenye kompyuta, simu ikichaji tu bila kuuliza kama unataka kuhamisha mafaili basi umeshampata mchawi. Mimi mwenyewe nilishawahi kukaa jioni nzima nafuta draiva naweka draiva, nimebadilisha tundu la USB mara nne, afu dogo mmoja akapita akanipa waya wa simu yake, pedi ikasoma sekunde ileile. Tangu siku hiyo kabla ya kugusa chochote nabadilisha waya kwanza, na waya mzuri nimeufunga kitambaa chekundu usichanganyike na zingine.

Ila kama yako ni ile ya Xbox 360 isiyo na waya, hapo ni hadithi nyingine. Ule waya wake wa kuchajia haupitishi data hata ukiwa mpya, na Bluetooth haina. Inataka kipokeo chake maalum cha USB, bila hicho usihangaike.

Fundi mimi ni mama wa vijana wawili. Mkubwa alichukua pedi ya PS4 akaitumia kwenye laptop ya baba yake, sasa ikirudi kwenye PS4 haiwashi chochote, wanagombana kutwa. Wanasema imeharibika.

Mama haijaharibika. Pedi hiyo inamkumbuka aliyeunganishwa nayo mwisho, na sasa inamkumbuka laptop. Zima Bluetooth ya laptop, chomeka pedi kwenye PS4 kwa waya (wa data, kama nilivosema hapo juu), bonyeza batani ya PS katikati, imerudi nyumbani. Ikigoma, geuza nyuma karibu na triga ya L2 kuna kitundu kidogo, ingiza kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, sikilizia kitufe kibonyee, shikilia sekunde tano, afu rudia waya. Na waambie wakitaka kuitumia kote mara kwa mara basi laptop iwe inatumia waya, ugomvi utaisha.

Mchezaji wangu anatembea mwenyewe kushoto hata sijagusa pedi. Nimeambiwa ninunue mpya. Hamna njia?

Njia ipo, na hili nalipenda kulieleza kwa sababu ukishaelewa kilichomo ndani hutababaishwa na mtu. Chini ya kila analogi, yaani kile kijiti unachosukuma kwa dole gumba, kuna visanduku viwili vidogo, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Ndani ya kila kisanduku kuna njia nyeusi ya kaboni na ulimi mdogo wa chuma unaosugua juu yake kila unaposukuma analogi. Kompyuta inapima umeme unaotoka pale ulimi uliposimama, ndo inajua umesukuma kiasi gani. Sasa kitu kinachosuguana kinalika. Nimeshafungua pedi iliyochezewa mpira miaka miwili, ile njia nyeusi imepauka mstari pale katikati na pembeni kuna unga mweusi kama wa penseli. Ulimi ukisimama juu ya unga huo hesabu inakosewa, gemu inaona unasukuma kushoto wakati hata vidole hujaweka.

Anza na vitu visivyo na gharama. Rudi joy.cpl uangalie ile alama ya msalaba ukiwa hujagusa kitu. Ikitoka katikati kidogo tu, ingia kwenye setingi za gemu au za Steam utafute deadzone, yaani lile eneo la katikati ambalo gemu haliangalii, ongeza kidogokidogo mpaka mchezaji atulie. Usiongeze sana, ukizidisha utasukuma analogi na mchezaji hasogei mpaka ufike mbali, na kulenga kwa taratibu kutakufa kabisa. Alama ikiwa inacheza inarukaruka, hiyo ni unga au uchafu, zima pedi, inua ule mpira wa chini ya analogi, dondoshea spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme tone moja au mawili, zungusha analogi mara nyingi, acha ikauke vizuri kabla ya kuwasha. Inaweza ikakupa miezi, inaweza ikakupa wiki, kaboni iliyolika hairudi.

Siku ukinunua nyingine uliza kama analogi zake ni za Hall. Hizo zinatumia sumaku, hamna kinachosugua kitu, sensa inasikia sumaku imesogea wapi tu. Jambo lenyewe liligunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879, na Sega waliliweka kwenye pedi ya konsoli yao ya Dreamcast mwaka 1998, kwa hiyo sio maajabu ya jana, inashangaza tu kwamba kampuni kubwa zimeendelea na kaboni muda wote huu. Pia unaweza kubadilishiwa analogi za Hall kwenye pedi yako ileile, ila kila moja ina miguu 14 ya kuchomelea kwenye bodi, sio kazi ya kujifunzia kwenye pedi unayoipenda, mpe mtu mwenye mkono uliozoea.

Nikibonyeza chini mara moja kwenye menyu inashuka mara mbili.

Gemu inaona pedi mbili. DS4Windows imetengeneza pedi ya bandia ya Xbox na ile halisi bado inaonekana, au Steam nayo inatafsiri juu ya tafsiri. Zima mmoja.

Pedi ya Bluetooth inakatakata nikikaa mbali kidogo, ila kwa waya iko poa.

Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, na tundu za USB 3 zikiwa zinafanya kazi zinatoa kelele kwenye masafa hayohayo. Kama unatumia kipokeo cha USB kimekaa ubavuni mwa diski ya nje, chukua waya wa kurefusha USB ukisogeze mbali na diski, kiweke mahali pedi inakiona. Mara nyingi inatosha.

Mdogo wangu mkono wa kulia hauna nguvu tangu aumwe. Alikuwa anapenda sana gemu, sasa anakaa pembeni anatuangalia tu. Kuna pedi ya mtu kama yeye?

Ipo, na nimefurahi umeuliza. Microsoft walitoa Xbox Adaptive Controller mwaka 2018, ina batani mbili kubwa za duara na nyuma ina matundu 19 ya kuchomeka batani za nje, unaziweka popote anapofikia, kwenye meza, pajani, hata chini ya mguu. Inakubali Xbox na Windows. Sony nao wana Access, ya PS5, ilitoka 2023.

Lakini leo hii kabla ya kununua chochote, kama mna Xbox na pedi mbili, nenda kwenye setingi za ufikivu utafute kitu kinaitwa Copilot au Controller Assist. Ukiiwasha pedi mbili zinakuwa kama moja. Yeye ashike yake na mkono wa kushoto, aendeshe mchezaji, we kaa pembeni yake ubonyeze zile batani za kulia tu, pale atakapokwambia.