Duka la Makindu

Mwanangu,

Huku Changamwe hatujambo. Umeniuliza kama nimeridhia muuze kiwanja cha Makindu, kwa kuwa reli mpya haina kituo cha abiria pale na duka limekaa bure. Nitakujibu, lakini kwanza ujue lile duka lilikuwa la nani.

Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Waingereza walileta Wahindi zaidi ya 30,000, wengi wao Wapunjabi. Kama 2,500 walikufa, wengi wakarudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Baadhi yao ndio walioifanya Makindu iwe mji. Hekalu la Makalasinga la mwaka 1926, ambalo babu yako hakulipita bila kuingia kula dengu na chapati, ni lao. Ndiyo maana nawaambia siku zote: mji ni wa aliyebaki. Najua Wakamba walikuwako kabla ya reli. Babu yako alinikumbusha kila nilipolisema neno hili.

Basi ikaja Februari 1968. Huku sheria ya leseni imewabana wafanyabiashara wasio raia, na Uingereza nayo inawafungia mlango Machi 1 Wahindi wenye pasipoti zake. Wenye duka, Wahindi hao hao, wakamuuzia babu yako kwa haraka, kwa bei ambayo mpaka anakufa hakupenda kuitaja. Asubuhi ya safari, mama wa nyumba ile akashika ufagio akafagia duka zima, hadi nyuma ya magunia, akaipangusa na mizani. Babu yako akamwambia, "Acha, mama, watoto watafagia." Hakuacha. Alipomaliza ndipo akatoa funguo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na hadi leo likinijia chakula hakishuki. Duka si lake tena, naye analifagia!

Sasa nikisema mji ni wa aliyebaki, yule mama nimweke wapi? Hakuondoka kwa kupenda. Na mimi je, niliyeolewa nikaja pwani? Lakini babu yako alilipa, hakumnyang'anya mtu, na alifungua duka lile kila asubuhi mpaka miguu ikamkataa. Huko nako ni kubaki.

Hati anayo mjomba wako. Nawaachia wewe na dada yako muamue, ingawa roho yangu ilipo unapajua. Mkiuza, tafuteni mtu atakayefungua duka, si wa kuzungusha ua na kungoja bei ipande. Na kabla ya kutia sahihi, nipelekeni kwanza.

Mamako