Usishushe kiwango cha hiyo mashine mkuu, sajili vidole upya

Mkuu usiguse hicho kiwango. Nimesoma uzi wako wote, umefunga mashine ya alama za vidole saiti kwa ajili ya mahudhurio ya vibarua, asubuhi inakataa karibu nusu ya watu, na fundi aliyekuuzia kakwambia ingia kwenye menyu shusha kiwango cha kulinganisha mpaka iache kukataa. Halafu unauliza inafanyaje kazi, kampuni gani nzuri, na kama unaweza kuiunga na mlango wa stoo. Naanza na la kiwango kwa sababu ndo litakalokuumiza, na nyie mlioandika hapo juu "shusha tu mkuu, hata kwangu nilishusha" mnampoteza mwenzenu. Nendeni mkakague daftari zenu za malipo kwanza.

Kuna mdau kasema alama za vidole hazifanani dunia nzima, hata mapacha wa kufanana kila mmoja ana zake, kwa hiyo mashine haiwezi kuchanganya watu. Hapo kwenye mapacha yuko sawa kabisa. Ila mashine haisomi kidole chako chote kama kilivyo, inasoma kipande kilichogusa kioo wakati ule, na hicho kipande kinaweza kuwa na vumbi, kimekauka, kimelowa, au kimewekwa ncha tu. Kwenye kipande hicho inatafuta vituo, yaani pale mstari wa kidole unapokatika na pale unapogawanyika kama njia panda, inaandika kila kituo kiko wapi na kimeelekea wapi, basi. Hiyo orodha ya vituo ndo inaitunza. Kesho ukiweka kidole inatengeneza orodha nyingine, inazilinganisha, inatoa pointi za kufanana. Haijawahi kukwambia "huyu ni fulani", inakwambia pointi zimevuka kiwango ulichoweka au hazijavuka. Sasa ukishusha kiwango hujaifanya isome vizuri zaidi, umeiambia tu ikubali kufanana kidogo.

Mimi nina yadi ya tofali huku Mbagala. Vibarua wanafyatua, wanachanganya, wanamwagilia, wanapakia, mikono ndani ya saruji kutwa nzima. Saruji mbichi inachoma ngozi, na lile tofali ni msasa, mistari ya vidole inalika mpaka kidole kinakuwa laini kabisa. Mashine ilipofungwa ilianza vizuri, baadae kila asubuhi foleni, mtu anaweka dole gumba inalia "jaribu tena", anafuta kwenye suruali, anaweka tena, jua linapanda kazi haijaanza. Nikampigia fundi, akaniongoza kwa simu, ingia hapa, bonyeza pale, shusha. Nikashusha. Foleni ikaisha siku hiyo hiyo, kila mtu akawa anapita, nikamshukuru na hela ya soda nikamtumia.

Kuna mama mmoja mmwagiliaji, mtu anafika kabla ya wote. Siku ya malipo karatasi ya mashine inaonyesha siku zake zimepungua. Akasema bosi mimi nimekuja kila siku. Nikamwonyesha karatasi, nikamwambia mama mashine haidanganyi. Wiki iliyofuata vile vile. Mama hakupiga kelele, alisema tu "sawa, Mungu anaona", akachukua ile pungufu akaondoka. Na wakati huo huo kuna kijana alishaacha kazi akarudi kwao, ila karatasi inaonyesha anahudhuria! Supavaiza akadhani kuna mtu anachezea mfumo, tukaanza kuwashuku vijana wa ofisini, ikawa maneno, kijana mmoja mzuri tu wa hesabu akaacha kazi kwa hasira. Mpaka siku nimesimama mwenyewe pale getini, yule mama kaweka dole gumba, mashine ikalia vizuri kabisa, asante, na kwenye kioo likatokea jina la yule kijana aliyeondoka. Mwanamke wa makamo anasomwa kijana wa kiume, na mashine haina hata wasiwasi.

Kidole cha mama kilikuwa kimelika, vituo vilivyobaki vichache, na kijana naye alisajiliwa vibaya siku ile ya haraka, vituo vichache vile vile. Kwa kiwango cha kawaida hao wawili ingekuwa nadra sana kukutana. Nilimrudishia mama pesa zake zote mbele ya wenzake na nikamwomba radhi, lakini yule kijana wa hesabu hakurudi, na vibarua wengine wakaanza kudai kila mtu na siku zake na sikuwa na cha kuwajibu maana rekodi za kipindi chote kile zilikuwa takataka, nikalipa kila aliyedai. Bei ya ile mashine mara kadhaa imeenda hapo.

Fundi? Nilipompigia akasema "bosi hiyo ni tatizo la vidole vyao". Yaani mtu anauza mashine kwa watu wa saruji halafu analaumu vidole! Siku ya kufunga aliijaribu kwa kidole chake yeye, kidole cha mtu anayeshika simu na funguo za gari, lazima kipite. Na usajili akafanya mbio, dole gumba la kulia tu, watu wametoka kazini na vumbi lao, mmoja baada ya mwingine, twende twende. Dole gumba la kulia ndo kidole kinachosuguliwa kuliko vyote kwa mtu anayebeba tofali, hilo mtu wa biashara hiyo alitakiwa alijue kuliko mimi. Wanajua kuuza, wanajua kushusha kiwango ili usipige simu tena, mwisho wa ujuzi.

Na kuna jambo hakuna muuzaji atakueleza. Mtu akibonyeza kwanza namba yake halafu akaweka kidole, mashine inalinganisha na vidole vya mtu mmoja tu. Akiweka kidole bila namba, inapita kwa watu wote uliosajili kutafuta anayefanana. Chukua mfano wa hesabu tu, umeshusha kiwango mpaka vidole viwili visivyohusiana vinapita mara 1 katika 1,000. Ukiwa na watu 80, kidole kisichosomeka vizuri kinajaribiwa kwa wengine 79, kwa hiyo nafasi ya kudondokea kwa mtu asiye mwenyewe inafika karibu 8 katika 100. Kila jaribio! Ndo maana ukienda kusajili laini wakala anaanza na namba yako ya NIDA, kidole kinafuata.

Anayeona nakuza mambo akasome kesi ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon kule Marekani. Mabomu ya treni za Madrid, Machi 2004, polisi wa Hispania wakapata alama kwenye mfuko wa plastiki, FBI wakaipitisha kwenye hifadhi yao ya alama, jina lake likatoka kati ya wanaofanana, wataalamu wao wakaangalia kwa macho yao wakasema ndiye. Akakamatwa. Alama ilikuwa ya Mualjeria, Ouhnane Daoud, Wahispania ndo waliompata. FBI wakaomba radhi na 2006 serikali ikamlipa dola milioni 2. Hiyo ni FBI na wataalamu, sembuse boksi letu la ukutani. Ukitafuta kwenye watu wengi lazima atatokea anayefanana kidogo, na ukiwa umekubali "kidogo" umekwisha.

Kwa hiyo rudisha kiwango alichoweka mtengenezaji na usajili watu upya, wote. Fanya asubuhi kabla hawajashika saruji, au Jumatatu baada ya mapumziko, wanawe mikono wakauke. Kila mtu vidole viwili kila mkono, na anza na mkono wa kushoto, kidole cha kati na cha pete, havichakai haraka. Kidole kilale, katikati ya kidole ndo iguse kioo, sio ncha. Kikiwa kikavu sana apake mafuta kidogo kisha afute, wengine wanapitisha kidole kwenye paji la uso na kinasoma. Kioo kifutwe kila asubuhi. Na weka mfumo wa namba kwanza kidole baadae, watalalamika siku mbili tatu watazoea.

Watabaki wachache ambao hawasomeki kabisa, hao wape kadi au namba ya siri, supavaiza asaini. Ngozi ikipumzika wiki kadhaa mistari inarudi ile ile maana inaota kutokea chini, utawasajili tena. Na kibarua akikwambia alikuja wakati mashine inasema hakuja, simama getini kesho yake uangalie jina linalotokea, kabla hujamkata hata shilingi.

Ya kampuni na mlango wa stoo wataalamu wengine watakujibu. Wewe leo jioni kabla ya malipo ya Jumamosi toa orodha ya waliohudhuria wiki hii, usomeane na supavaiza jina moja moja, na kama fundi alishashusha bila kukwambia utaliona humo humo.