Mtoto ameugua, safari ni wiki hii: je, bima ya kadi italipa?

SWALI: Tulilipia likizo ya familia kwa kadi ya mkopo, tiketi za ndege za watu watano pamoja na hoteli. Zimebaki siku nne, na mtoto wetu wa miaka sita amepatwa na nimonia. Benki ilituambia kadi hiyo ina bima ya safari. Tufute leo au tusubiri tuone kama atapata nafuu? Na tuanzie wapi?

JIBU: Poleni sana. Anzeni kwa daktari, leo hii, kabla hamjafuta chochote. Dai la ugonjwa wa kweli kabisa linaweza kukataliwa kwa sababu tu cheti cha daktari kina tarehe ya baada ya safari kufutwa. Mkifuta tiketi Jumatatu na kumpeleka mtoto hospitali Jumatano, kampuni ya bima itasema mliamua wenyewe kutosafiri.

Cheti kitaje ugonjwa wenyewe, siku dalili zilipoanza, siku mtoto alipopimwa, na kwamba kwa hali yake hafai kusafiri katika tarehe mlizopanga. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Cheti kinachosema tu “apewe dawa na apumzike” hakitoshi, maana hakimkatazi mtu kupanda ndege. Mwombeni daktari aongeze kwamba mtoto anahitaji uangalizi wa wazazi, ili isije ikaulizwa kwa nini na wengine hawakusafiri. Mtoto apimwe ana kwa ana. Ushauri wa simu mara nyingi haukubaliwi.

Siku hiyohiyo pigeni simu kwenye bima. Namba iliyo nyuma ya kadi kwa kawaida huwapeleka benki, na benki siyo inayolipa fidia. Nyuma yake kuna kampuni ya bima. Ombeni mawasiliano ya kitengo cha madai, pamoja na nakala ya masharti yaliyokuwa yakitumika siku mliyonunua tiketi, kwa sababu masharti ya kadi hubadilika. Mkishaunganishwa, ombeni namba ya dai na fomu ambayo daktari atatakiwa kujaza. Ulizeni pia kama safari yenu inakidhi sharti la malipo: kadi nyingine zinataka nauli yote iwe imelipwa kwa kadi hiyo, nyingine zinaridhika na sehemu tu. Kama mlilipia kwa pointi, yaani alama za zawadi za kadi au za shirika la ndege, huenda kinachofidiwa kikawa ni kodi na ada mlizolipa kwa fedha, basi.

Cheti kikiwa mkononi, futeni bila kuchelewa. Tunajua inauma, na kila mzazi hutamani kuvuta siku moja zaidi akitumaini homa itashuka. Lakini makato ya hoteli na mashirika ya ndege hupanda kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia, na kampuni nyingi hulipa tu hasara ambayo mngeipata kama mngefuta pale daktari alipokataza safari. Nyongeza inayotokana na kusubiri ni mzigo wenu.

Kuweni waangalifu na vocha. Shirika la ndege likiwapa vocha ya safari nyingine nanyi mkaikubali, bima nyingi huihesabu kama marejesho na kuikata kwenye fidia, hata kama hamjaitumia. Kwanza ombeni fedha taslimu. Mkinyimwa, ombeni barua inayotaja kiasi kisichorudishwa. Bila barua hiyo dai hukwama, kwa kuwa bima hulipa kilichopotea, siyo kilicholipwa.

Kwenye dai ambatisheni cheti, taarifa ya kadi inayoonyesha malipo, tiketi na uthibitisho wa hoteli, uthibitisho wa kufuta wenye tarehe, na barua za marejesho. Baki na nakala za kila kitu. Someni muda wa mwisho wa kutoa taarifa na ule wa kuwasilisha vielelezo, kwani ni vitu viwili tofauti, na wa kwanza huwa mfupi. Msiifunge kadi kabla dai halijaisha. Mjue pia kwamba kuna ukomo wa fidia kwa kila msafiri au kwa safari nzima, na huenda kuna kiasi cha kwanza ambacho lazima mkibebe wenyewe.

SWALI: Mama mkwe wangu, ambaye hasafiri nasi, ana ugonjwa wa moyo na amelazwa ghafla. Je, tukibaki kumuuguza tutafidiwa?

JIBU: Tazameni mambo mawili kwenye masharti. La kwanza ni maana ya “jamaa wa karibu”: bima nyingi huwaingiza wakwe, nyingine huishia kwa wazazi wa kuzaa, mwenzi na watoto. La pili ndilo gumu. Ugonjwa uliokuwepo kabla hukaguliwa kwa kurudi nyuma kipindi fulani, mathalani siku 60, 90 au 180 kabla ya kulipia safari. Ikiwa ndani ya kipindi hicho alibadilishiwa dawa, alilazwa au alikuwa akisubiri vipimo, dai linaweza kukataliwa. Ikiwa hali yake ilikuwa tulivu, ombeni daktari wake aandike hivyo, akitaja tarehe.

SWALI: Na kama mtu akiugua tukiwa tumeshafika?

JIBU: Hapo ni kifungu kingine, cha kukatiza safari. Hufidia siku za hoteli zilizopotea na nauli ya kurudi mapema, lakini si lazima kigharimie matibabu; kadi nyingi hazina bima ya matibabu kabisa, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kuondoka. Ikiwa yenu inayo, pigeni namba ya dharura kabla mgonjwa hajalazwa, isipokuwa maisha yake yako hatarini. Baadhi ya kampuni hupunguza malipo au kukataa kabisa kulipia hospitali ambayo hazikuiidhinisha.