Swali la lugha: hiyo herufi yenye maua tuiiteje?

Msomaji anatafsiri makala ya vitabu vya zamani vya Ulaya alivyochapa Erhard Ratdolt, kafika kwenye ile herufi iliyopambwa maua inayofungua ukurasa, kaandika "herufi za mwanzo zilizochorwa kwa wino mweupe", mhariri wake kaigomea na yeye haoni kosa liko wapi.

Ndugu yangu, yapo mawili. Kwanza "herufi za mwanzo" watu wengi wataelewa zile za jina, kama JKN kwa Nyerere. Na ukikimbilia "herufi kubwa" ndo umezidi kuharibu, maana hata A ya kawaida kabisa ni herufi kubwa, tulifundishwa hivyo toka darasa la kwanza. Mi ningeandika herufi ya nakshi. Neno tunalo siku nyingi, milango ya Lamu na Unguja ni ya nakshi, na huko Kiarabuni lilikotoka lina maana ya kuchonga pia, kwa hiyo linakaa vizuri kuliko "urembo" ambao kwangu unanukia saluni.

Sasa hilo "zilizochorwa", inategemea unaongelea kitabu gani. Biblia aliyoichapa Gutenberg kule Mainz, Ujerumani, miaka ya 1450, nafasi iliachwa tupu alafu mtu akaja kujazia kwa mkono, hiyo imechorwa, hamna ubishi. Ila we unamwongelea Erhard Ratdolt, yule Mjerumani aliyekuwa anachapa vitabu Venice. Fungua ukurasa wa kwanza wa kitabu cha jiometri cha Euclid alichokichapa 1482, iangalie ile P: herufi nyeupe, matawi meupe yamejisokota, nyuma kweusi tii. Wino mweupe hamna pale! Weupe wote ule ni karatasi. Fundi alichonga ubao, sehemu aliyoikwangua haigusi wino, iliyobaki juu ndo inatoa weusi, na hiyo P aliichonga imegeuka kama unaitazama kwenye kioo, alafu ubao ukapewa kimo kilekile cha herufi za kuchapia za madini ya risasi ili vyote vipigwe chapa kwa mkupuo mmoja.

Rangi nayo isikudanganye, kitabu cha Zaburi kilichochapwa Mainz 1457 kinaanza na B ya nyekundu na bluu, utasema brashi, kumbe imepigwa chapa.

Kwa hiyo andika "herufi za nakshi zilizochongwa kwenye ubao". Ila usije ukaandika "mchongo wa Ratdolt", vijana watauliza dili lenyewe lina shilingi ngapi.