Herufi Iliyo Kando ya Sentensi

Kwa miaka mingi nilisoma miongozo ya pumu kama mtu anayesoma sheria: kilichoandikwa kimeandikwa. Zile herufi A, B, C na D zinazokaa mwishoni mwa sentensi, zinazoonyesha uzito wa ushahidi kuanzia A ulio mzito zaidi hadi D, nilizipita tu, macho yakikimbilia dozi.

Aliyenizindua ni mama mmoja. Nilikuwa namweleza, kwa uhakika wote, juu ya dawa ya kupuliza yenye steroidi (ya kutuliza uvimbe) na formoteroli (ya kufungua njia ya hewa) pamoja, inayovutwa pale tu kifua kinapobana. Nikamwambia utafiti umeonyesha inapunguza kubanwa kukali kwa asilimia 64, ukilinganisha na dawa ya kufungua njia ya hewa peke yake. Alikuwa amempakata mwanawe wa miaka 7, kiganja kifuani pa mtoto, akisikiliza pumzi. Akauliza, "Daktari, kwenye huo utafiti walikuwemo watoto kama huyu?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikaufungua utafiti wenyewe, SYGMA 1 wa mwaka 2018. Watu 3,849 wenye pumu isiyo kali, wote wa miaka 12 kwenda juu. Ni ushahidi mzito, na mwaka uliofuata GINA, shirika la kimataifa linalotoa mwongozo wa pumu, iliacha kupendekeza dawa ya kufungua peke yake kwa watu wazima na vijana. Lakini haukuwa ushahidi wa mtoto yule.

Kwa hiyo, ukikutana na A, usiishie kwenye herufi. Uliza walijaribiwa nani. Majaribio mengi ya pumu huwaacha nje wavutaji sigara, na wavutaji ndio ambao steroidi ya kupuliza huwasaidia kwa kiasi kidogo zaidi. Ukimsomea mvutaji ile A kama ilivyo, unampa ahadi ya mtu mwingine.

D nayo imeonewa sana. Kwa GINA, A ni majaribio ya nasibu (wagonjwa hugawiwa matibabu kwa bahati nasibu) mengi yanayokubaliana, B ni majaribio ya nasibu pia ila machache au yenye mapungufu, C ni uchunguzi usio wa nasibu, na D ni makubaliano ya wataalamu. Watu husoma D wakaelewa "hiari". Sivyo. Kuna mambo ambayo hayawezi kujaribiwa kwa haki. Hakuna atakayechagua kwa bahati nasibu nani anyimwe msaada huku midomo inageuka bluu. Ndiyo maana GRADE, mfumo mwingine wa kupima ushahidi na mapendekezo, hutenganisha vitu viwili: uhakika wa ushahidi, na nguvu ya pendekezo. Pendekezo linaweza kuwa la nguvu hata ushahidi wake ukiwa hafifu.

Halafu soma ufunguo unaoeleza maana ya herufi, kwenye kurasa za mwanzo za mwongozo. A ya mwongozo mmoja si lazima iwe A ya mwingine.

Mama yule aliporudi, nilimwomba radhi, nikaweka mbele yake ukurasa wa mwongozo unaohusu watoto wa miaka 6 hadi 11, na tukausoma pamoja, herufi kwa herufi.