Maswali ya wasomaji: WhatsApp imegoma, nifanyeje?

Safari hii karibu maswali yote mliyotuma ni ya WhatsApp, basi tumeona tuyajibu kwa pamoja, yale yanayofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Habari za kazi. Nimenunua simu mpya Kariakoo, kijana wa dukani akaniwekea kila kitu na WhatsApp humo humo, namba ni ile ile lakini meseji zote zimepotea, picha za harusi ya binti yangu hakuna, sauti za marehemu mama yangu hakuna. Simu ya zamani kioo kimepasuka ila inawaka. Zinaweza kurudi kweli? (Mama, Morogoro)

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana. Kabla ya yote, ile simu ya zamani usimpe mtu, usiifute WhatsApp iliyomo na fundi asije akai-flashi, yaani kuifuta kila kitu, mana kama bado inawaka basi vitu vyako bado vimo humo ndani.

Meseji za WhatsApp hazikai kwenye laini. Wengi wanadhani ukihamisha laini na meseji zinakuja nayo, hapana, zinakaa ndani ya simu yenyewe, afu kopi yake, yaani bakapu, kwa simu za Android inawekwa Google Drive chini ya Gmail ya simu hiyo. Kwa hiyo ili zirudi kwenye simu mpya panatakiwa vitu viwili, namba ile ile na Gmail ile ile. Namba unayo. Kwenye Gmail ndo watu wengi wanakwama, mana vijana wa madukani wakikuuzia simu wanakufungulia Gmail mpya fasta fasta ili Play Store ifanye kazi, paswedi wewe huijui na pengine hata yeye ameshaisahau, sasa WhatsApp ikienda kutafuta bakapu inatafuta kwenye Gmail mpya, haikuti kitu, inakwambia hakuna bakapu.

Fanya hivi. Washa ile ya zamani, fungua WhatsApp, itakwambia namba yako imesajiliwa kwenye simu nyingine, kubali kujisajili upya, kodi ya tarakimu 6 itaingia kwenye laini yako popote ilipo, iandike. Meseji zako utazikuta kama ulivyoziacha. Afu ingia setingi, sehemu ya soga, halafu bakapu, hapo utaona Gmail inayotumika, iandike kwenye karatasi. Kwenye kuchagua mtandao WhatsApp kwa kawaida inasubiri Wi-Fi, na hapa ndo utakuta mtu ana simu miaka na miaka anatumia bando tu na hajawahi kuwa na bakapu hata moja! Ruhusu itumie na data ya simu, washa na video kama bando linatosha, bonyeza ifanye bakapu na usubiri mpaka iishe, simu ikiwa kwenye chaji.

Ikiisha, rudi kwenye simu mpya, futa WhatsApp, nenda setingi za simu yenyewe uongeze ile Gmail ya zamani, halafu pakua WhatsApp upya na uweke namba yako. Itakuuliza kama urudishe bakapu. Hapo usiwe na haraka ukaruka, bonyeza rudisha. Vile vichache ulivyochati kwenye simu mpya vitapotea, ila vya zamani vitarudi. Kama paswedi ya Gmail huikumbuki, Google wanaweza kuirudisha kwa namba ya simu uliyoisajili nayo, jaribu na mtu unayemwamini wa nyumbani, sio wa dukani.

Na tafadhali mama, sauti za marehemu usiziachie WhatsApp peke yake. Shika ile sauti kwa kidole, bonyeza alama ya kutuma nje, ziweke Google Drive kwenye folda yake, na watumie ndugu zako nao wawe nazo. Google wanatoa nafasi ya bure GB 15, na siku hizi bakapu ya WhatsApp inakula humo humo pamoja na picha na barua pepe, ikijaa bakapu inasimama. Kwa hiyo uwe unaangalia.

SWALI: Mimi WhatsApp yangu meseji haziingii mpaka niifungue. Nikiifungua ndo zinamiminika zote kwa pamoja, wateja wananilalamikia nawapuuza. Bando lipo. (Muuza vitenge, Mwanza)

JIBU: Dada, hiyo sio WhatsApp na wala sio mtandao, ni simu yako inabana matumizi ya chaji. Simu nyingi za bei yetu zinakuja na ule mfumo wa kuzima programu ambazo hujazigusa muda, na wengine wameweka na zile programu za kusafisha simu, kila ukigusa usafishe inaiua na WhatsApp. Nenda setingi za simu, programu, WhatsApp, sehemu ya betri, uiruhusu bila vizuizi. Hapo hapo kwenye data angalia kama imeruhusiwa kutumia data ikiwa nyuma ya pazia, na kama umewasha ile ya kubana data ya simu nzima izime au uiruhusu WhatsApp peke yake. Kwenye arifa nako kuwe kumewashwa. Hiyo programu ya kusafisha kama uliidaunilodi mwenyewe iondoe tu, haina faida.

SWALI: Nimeweka namba nasubiri kodi haiji. Nimejaribu mpaka inaniambia nisubiri masaa. (Mzee, Lindi)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usiendelee kubonyeza, kila ukirudia inakuongezea muda wa kusubiri. Angalia kwanza namba ulivyoiandika, ukishachagua Tanzania +255 imeshawekwa, wewe unaanza na 7 au 6 bila sifuri ya mbele. Angalia laini ina mtandao na meseji za kawaida zinaingia, mwambie mjukuu akutumie moja. Muda ukifika na kodi ikagoma tena, chagua wakupigie, sauti itakusomea tarakimu. Na laini si lazima iwe ndani ya simu janja, inaweza kukaa kwenye kitochi chako, kodi ikaingia huko ukaiandika huku. Ila laini hiyo iweke hai, mana laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni inaifunga na baadaye inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, naye akijisajili WhatsApp kwa hiyo namba, yako inatoka.

SWALI: Shangazi aliniandikia eti kuna kodi imekuja kwangu kimakosa nimtumie, nikamtumia, dakika hiyo hiyo WhatsApp ikanitoa na sasa hivi kuna mtu anaomba hela kwa jina langu kwenye grupu la familia. Nimechanganyikiwa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Aliyekuandikia hakuwa shangazi, na ile kodi ndo ilikuwa ya kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Shangazi naye walimwibia WhatsApp yake kwa njia hiyo hiyo, ndo maana jina na picha ni zake. Acha kusoma kwanza, piga simu ya kawaida kwa mtu mmoja wa familia awatangazie wote wasitume hela, na admini amtoe huyo namba yako kwenye grupu. Halafu fungua WhatsApp, weka namba yako, omba kodi mpya, iandike. Ukiingia wewe, yule anatolewa hapo hapo, mana namba moja haiwezi kuwa kwenye simu kuu mbili. Ukishaingia nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta usiyoijua iondoe.

Inawezekana yule mwizi amewahi kuweka PIN yake, basi utaambiwa uandike PIN usiyoijua. Hapo utasubiri siku 7 ndo uingie bila PIN, inaumiza lakini naye ulivyoandika kodi ameshatoka, hachati tena. Ukirudi weka PIN yako mwenyewe, setingi, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, na uweke na barua pepe yako ili ukiisahau isikusumbue. Ukishaiweka, hata mtu akiipata kodi bila PIN hapiti. Hii nawaomba wote mnaosoma mwiweke leo, na muwawekee wazazi.

SWALI: Mwanangu yuko Dubai, meseji zinafika tiki mbili kabisa lakini nikimpigia kwa WhatsApp inasema inaunganisha mpaka inakata. Simu yangu mbovu? (Mama, Tanga)

JIBU: Simu yako nzima mama. Falme za Kiarabu wamezuia simu za sauti na video za WhatsApp, maandishi, picha na sauti za kurekodi zinapita kama kawaida. Watu wengi wa huko wanatumia programu ya kupigiana simu inaitwa BOTIM, hiyo ina kibali, nawe ukiiweka huku mtaongea. Kuhusu VPN, zile programu za kukwepa vizuizi vya mtandao, usimshawishi, sheria za huko zina adhabu kali kwa anayeitumia vibaya na yeye ni mgeni wa watu. Wakati mnajipanga mrekodie sauti, na ukiona tiki moja tu jua simu yake imezimwa au hana mtandao, usianze kuwaza mabaya.

SWALI: WhatsApp inaniambia tarehe ya simu sio sahihi, haifunguki kabisa. (Fundi cherehani, Kigoma)

JIBU: Simu ilizima chaji ikarudi na tarehe ya ajabu. Setingi za simu, tarehe na saa, washa ijipange yenyewe kwa mtandao, angalia na saa za eneo ziwe za Afrika Mashariki. Ikikataa basi WhatsApp yako imezeeka, iapudeti Play Store, sio kwa kutumiwa na rafiki kwa Bluetooth.